Kuzaa si Kazi? Mzazi, Mshahara na Ukimya wa Fasihi

Methali isemayo kuzaa si kazi, kazi ni kulea, ina haki yake. Kwa vizazi vingi imewakumbusha wazazi kwamba mtoto hakui kwa kuzaliwa tu, na kwamba heshima ya mama na baba hupatikana katika miaka ya kulisha, kufunza na kuadibu. Hapana mwenye akili atakayeipinga kwa maana hiyo. Walakini methali husema mambo mawili kwa pamoja: lile ililokusudia, na lile ililoliruka. Methali hii iliziruka siku zilizo baina ya kuzaa na kulea. Inatoka kwenye uchungu na kuingia moja kwa moja katika malezi, kana kwamba mama huvuka mto huo kwa hatua moja bila kulowa. Katika siku hizo zilizorukwa ndimo wanawake wengi huugua ugonjwa usio na jeraha, ndimo mshahara huanza kuhesabiwa kwa siku, na ndimo fasihi ya Kiswahili, yenye sifa nyingi juu ya mama, ilimokaa kimya.

Ukimya huo wastahili kuhakikiwa kama ihakikiwavyo kazi yoyote ya sanaa, kwa maana lisilosemwa nalo lina umbo lake. Yafaa kutazama kwanza maneno ambayo lugha imeyahifadhi, kisha tungo zenyewe, kisha maandishi ya sheria, na mwisho kuyapima yote mahali pamoja. Mahali hapo ni Oloipiri, kata ya wafugaji katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Pamechaguliwa kwa sababu hapo Kiswahili hukutana na Kimaasai, na mtumishi mwenye barua ya ajira huishi jirani na mwanamke ambaye hajapata kuwa na mwajiri. Pengo ambalo mjini hufichwa na msongamano wa watu, huko huonekana waziwazi.

Lugha haikuwa bubu. Neno mzazi, ambalo leo kila mwanafunzi hulielewa kuwa ni mama au baba, lilitumika pia, na wengine hulitumia hata sasa, kwa mwanamke aliyejifungua karibuni: huyo akaaye ndani, akandwaye kwa maji ya moto, anyweshwaye uji. Kujifungua ni kitendo. Mwanamke ndiye mtendaji, naye ndiye afunguliwaye. Uchungu ni maumivu ya kuzaa, nao ni huzuni ya moyo pia, na hakuna aliyeona haja ya kuzitenganisha maana hizo mbili. Arobaini ni siku ambazo mzazi huhesabiwa kuwa bado hajarudi kikamilifu katika maisha ya kawaida. Mkaja ni nguo au mshipi wa kulifunga tumbo la aliyezaa. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni.

Maneno haya mawili ya mwisho yana jambo la kuzingatiwa zaidi. Mkaja na ubeleko si nguo peke yake. Ni majina ya malipo pia. Binti anapoposwa, pamoja na mahari na kilemba cha baba, mama hupewa mkaja wake au ubeleko wake kwa desturi ya mahali. Fedha hiyo hutajwa kwa jina la nguo iliyomfunga mama tumbo alipomzaa binti huyo, au iliyombeba mtoto mgongoni. Maana yake ni kwamba jamii ya Waswahili ilijua tangu kale kuwa kuzaa ni kazi, na ya kwamba kazi hiyo huleta deni. Methali ikasema kuzaa si kazi. Desturi ya posa ikajibu kwa kulipa. Ila deni lilicheleweshwa. Mama aliyekandwa na kufungwa mkaja leo atalipwa binti akiolewa, baada ya miaka 20 hivi, tena akiwa amezaa binti na binti huyo amepata mume. Katika siku arobaini zenyewe, mzazi hakupewa fedha. Alipewa watu.

Hapo ndipo penye maana ya arobaini. Wengi huitazama kama hesabu ya siku, lakini ukiichungua utaona ni hesabu ya watu: mama mzaa mama, shangazi, mkunga, jirani aletaye kuni, mtoto wa ndugu atumwaye dukani. Siku 40 bila watu hao ni siku 40 za upweke tu. Desturi ilimwondolea mzazi kazi za mikono kwa sababu mikono mingine ilikuwapo. Haikuwa na jambo la kusema juu ya fikira zake, ila kwa njia moja: haikumwacha peke yake. Wala isidhaniwe kwamba kuwa na watu ni dawa ya kila jambo. Watu haohao waliomkanda mzazi waliweza kumhukumu pia. Akilia bila sababu ionekanayo, aliambiwa anadeka. Akimkataa mtoto, aliambiwa ameingiwa na pepo. Baina ya kudeka na pepo hapakuwa na kiti cha kumkalisha mgonjwa.

Tungo za kale zilifuata njia hiyohiyo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka wa 1858 na Mwana Kupona binti Msham, ni wosia wa mama kwa bintiye Mwana Hashima. Mtunzi alikuwa mgonjwa, naye alifariki miaka michache baadaye, yapata 1860. Pengine hakuna utungo wa Kiswahili unaojulikana zaidi ambamo mwanamke mwenye maradhi humwita binti yake karibu ili amwachie maneno. Yaliyomo yanajulikana: wajibu kwa Mungu na Mtume, adabu mbele za watu, na kwa upana mkubwa, utumishi kwa mume. Wahakiki wamebishana kama utungo huo ni wa utii au una akili ya chinichini ya mwanamke ajuaye namna ya kuishi chini ya mamlaka. Mjadala huo ni halali, lakini umeliacha jambo jingine. Mama huyu aliyezaa, akizungumza na binti atakayezaa, alieleza jinsi ya kumtunza mume kwa undani, na uzazi wenyewe hakuupa sura yake. Haielekei kuwa ni kwa kutojua. Yaelekea zaidi kwamba mambo ya mzazi yalikuwa mali ya masimulizi ya chumbani, yasiyohitaji wino kwa kuwa kulikuwa na midomo ya kutosha kuyapitisha. Wino hutumika pale mdomo unapoogopa kufungwa na mauti. Mwana Kupona hakuona kwamba siku moja midomo ya chumbani nayo ingetawanyika.

Katika karne ya 20 midomo hiyo ilitawanyika. Shule, ajira, reli na barabara viliwapeleka wanawake mbali na mama zao, na ilitazamiwa kwamba riwaya na tamthilia zingeshika kazi iliyoachwa na chumba cha mzazi. Zilishika sehemu yake. Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika ya mwaka 1971 alionyesha mateso ya mabinti na mama katika nyumba ya baba mlevi kwa ukali uliowashtua wasomaji. Penina Muhando katika Hatia ya mwaka 1972 aliileta jukwaani mimba ya msichana asiyeolewa pamoja na hukumu ya jamii. Katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 mwandishi huyohuyo aliwaonyesha wanawake wakijaribu kuisimamisha nguzo moja kubwa, kila mmoja akivutwa kando na mzigo wake. Hizi ni kazi za ujasiri, na si haki kuzilaumu kwa yale ambayo hazikukusudia.

Hata hivyo ukizipanga pamoja na tungo nyingine zisomwazo sana mashuleni, utaona mkondo mmoja. Mimba imepata wasanii wake, kwa sababu mimba ni siri, na siri huleta kisa. Kifo cha uzazi kimepata wasanii wake, kwa sababu kifo huleta kilio. Malezi yamepata wasanii wake, kwa sababu mtoto aliyepotoka huleta funzo. Mama aliye hai, mwenye mtoto aliye hai na mzima, ambaye hata hivyo amekaa ukingoni mwa kitanda bila nguvu ya kumnyanyua mtoto huyo, huyo hana kisa. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyedanganywa, hakuna aliyefukuzwa nyumbani. Mwandishi aliyezoea kutafuta tukio hampiti kwa dharau. Humpita kwa sababu haoni tukio. Hilo ni kosa la jicho, nalo ni kosa ambalo kazi ya uhakiki ni kulionyesha.

Mahali ambapo fasihi ilinyamaza, sheria ilisema. Si jambo la ajabu kwa jarida la fasihi kuisoma sheria. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na kwa hiyo maandishi ya sheria yameingia katika urithi wa nathari ya Kiswahili na yanastahili kusomwa kwa makini uleule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akiwa amezaa zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Likizo yaweza kuanza majuma manne kabla ya siku inayotazamiwa. Mama haruhusiwi kufanya kazi katika majuma sita ya mwanzo baada ya kuzaa, isipokuwa kwa cheti cha mganga. Akirudi kazini apewe muda wa kunyonyesha, usiozidi saa mbili kwa siku. Mwajiri halazimiki kutoa likizo hiyo ya malipo zaidi ya mara nne. Baba hupewa siku tatu, nazo zitumike katika juma la kwanza.

Msomaji wa fasihi ataona mambo matatu katika maandishi hayo. La kwanza, majuma sita ni siku 42: bunge na mkunga, bila kushauriana, walikaribia sana hesabu moja. Kinachotofautiana ni kwamba mkunga alihesabu watu watakaokuwapo, na bunge likahesabu kazi itakayokosekana. La pili, siku 84 ni majuma 12, kipimo kilekile kilichowekwa na Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani juu ya uzazi mwaka 1919: majuma sita kabla na majuma sita baada. Shirika hilohilo lilipandisha kiwango kufikia majuma 14 mwaka 2000, na likapendekeza 18. Sheria iliyoandikwa miaka minne baadaye ikabaki na kipimo cha 1919. Majirani hawako mbali sana: Kenya iliandika miezi mitatu mwaka 2007, na Uganda siku 60 za kazi mwaka 2006.

Jambo la tatu ni zito kuliko hayo. Sheria humwongezea mama siku nyingine 84 mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Hapa mwandishi wa sheria alionyesha huruma ambayo haipasi kudharauliwa; alikiri kuwa huzuni inaweza kumzuia mtu kufanya kazi. Lakini huzuni aliyoikiri ni ile yenye kaburi. Huzuni ya mama ambaye mtoto wake analia katika chumba cha pili, mzima, mwenye afya, haikupata kifungu. Sheria na riwaya, zilizoandikwa na watu wasiojuana, zimeipita nyumba hiyohiyo.

Oloipiri ndipo pa kuyapima haya. Chukua mwalimu wa shule ya msingi aliyezaliwa Moshi, akasoma chuo, akapangiwa kituo Oloipiri. Huyu si mtu fulani. Ni mfano, lakini kila aliyepata kufanya kazi ya serikali mbali na kwao atamtambua. Loliondo iko kaskazini kabisa mwa mkoa, mashariki mwa mbuga ya Serengeti, karibu na mpaka wa Kenya, na safari ya kufika Arusha ni ya mamia ya kilomita, sehemu kubwa ikiwa imepita katika nchi kame. Mwalimu huyo anayo hesabu ya kufanya. Akitaka kuzaa karibu na mama yake, apate mtori na mkono wa kumkanda, aondoke mapema. Na kila siku anayoitumia kabla ya kuzaa imetolewa katika siku za baada. Akianza likizo majuma manne kabla, zimebaki siku 56. Akibaki kituoni mpaka uchungu umshike ili azihifadhi siku zake zote 84, atakwenda kuzaa katika hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960 na ambayo ndiyo tegemeo la eneo lile, kisha atarudi katika nyumba ya mwalimu isiyo na mama, shangazi wala mkunga. Sheria imempa siku au watu, achague.

Mshahara wake ni kamili, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mshahara kamili wa mtu aliye mbali na kwao si sawa na mshahara kamili wa aliye kwao. Kila mkono ambao desturi ilimpa bure, sasa unanunuliwa: yaya, mchota maji, nauli ya ndugu atakayekuja kukaa naye majuma mawili. Ikiwa alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wake hukatwa kila mwezi tangu marekebisho ya mwaka 2016, na makato hayajui kwamba mwezi huu amezaa. Wenzake shuleni wanavifundisha vipindi vyake juu ya vile vyao. Siku ya 85 anatazamiwa arudi, naye atarudi, kwa kuwa yaya hulipwa kwa mshahara na mshahara hulipwa kwa kazi.

Jirani yake ni mwanamke wa Kimaasai, ambaye siku 84 hazimhusu. Hana mwajiri wa kumwomba ruhusa. Anayo desturi yake: nyama na mafuta ya kondoo kwa ajili ya aliyezaa, nywele za mama na mtoto zinazoachwa bila kunyolewa mpaka siku ya kumpa mtoto jina, na wake wenza na mama mkwe walio hatua chache tu kutoka mlangoni. Atazamaye nywele hizo hana haja ya kuuliza. Zinasema kwamba huyu bado. Ni alama ambayo mwalimu hana. Siku ya 85 hakuna kitu juu ya mwili wa mwalimu kinachowaambia wanafunzi na mwalimu mkuu kwamba huyu bado.

Lakini kosa litakuwa kubwa mtu akiifanya boma kuwa pepo. Mwanamke huyo ndiye ajengaye nyumba, ndiye akamaye, ndiye afuataye kuni na maji, na msamaha wake kutoka kazi hizo hutegemea mikono ya wanawake wengine ambao nao wana zao. Fungu lake la mali ni maziwa. Mwezi Juni 2022 mpaka ulipowekwa kutenga eneo la kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo kwa ajili ya hifadhi, wafugaji walipoteza sehemu ya malisho yao. Malisho yakipungua maziwa hupungua, na maziwa yakipungua fungu la kwanza kupungua ni la mwanamke. Basi mmoja anao mshahara bila watu, na mwingine anao watu bila mshahara. Wote wawili wanaweza kuugua ugonjwa mmoja, na wote wawili watakosa neno la kuutaja, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kimaasai, mbele ya muuguzi ambaye pengine anajua lugha moja tu kati ya hizo.

Ugonjwa wenyewe si wa kubuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata maradhi ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiasi hicho hufika asilimia 19.8, yaani takriban mmoja katika kila watano. Yapasa kutofautisha hali tatu. Ipo huzuni ya siku za mwanzo, wanayoipata wengi, nayo huondoka yenyewe ndani ya majuma mawili. Upo wazimu wa uzazi, ulio nadra sana, ambao aghalabu huzuka katika majuma ya kwanza nao hutaka hospitali bila kuchelewa. Baina ya hizo mbili ipo sonona, ambayo huweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, ikakaa kwa miezi. Hiyo ya tatu ndiyo inayopishana na kalenda ya mwajiri. Mwalimu aliyekuwa mzima siku ya 40 anaweza kuanza kuzama siku ya 80, na siku ya 85 akaonekana darasani, chaki mkononi, bila mtu yeyote kujua.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, yaliyoletwa na vitabu. Historia inawakanusha kwa namna ya kupendeza. Mnamo miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda, akawachunguza wanawake wa Buganda katika uzazi wao. Alikuta Waganda wanalo jina tayari, amakiro, kwa wazimu unaompata mwanamke aliyezaa. Mwaka 1983 alichapisha ulinganisho wa wanawake wa Kiafrika na wa Scotland, na sonona ya baada ya kuzaa ilionekana pande zote mbili kwa viwango vilivyokaribiana. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa kipimo cha maswali 10 kijulikanacho kwa jina la Edinburgh, ambacho leo hutumika duniani kote. Basi kabla ya Edinburgh palikuwa na Kampala. Afrika Mashariki haikuupokea ujuzi huu kutoka ng'ambo. Ilichangia kuuzaa, kisha ikausahau.

Lakini jina amakiro nalo ni funzo kwa mhakiki. Kwa imani iliyosimuliwa, mwanamke hupata amakiro kwa sababu alitoka nje ya ndoa akiwa mjamzito. Jina linapatikana, ila limebeba hukumu ndani yake. Kuutaja ugonjwa ni kumshitaki mgonjwa. Nani atakayekwenda kwa muuguzi kulitamka? Hii ndiyo tofauti baina ya kuwa na neno na kuwa na neno linalosemeka. Kiswahili kimechukua neno la zamani, sonona, ambalo wazee walilijua katika kusononeka, yaani kuumia ndani kwa ndani, kikalifanya jina la ugonjwa. Ni uteuzi mwema. Halimshitaki mtu, halimtaji pepo, wala halimpeleki mgonjwa Mirembe kwa mzaha kama wanavyofanya watu mitaani. Upungufu wake ni kwamba limekaa katika vipeperushi vya afya. Halijaingia katika kinywa cha mhusika yeyote ambaye wasomaji walimpenda.

Hapa mwenye mashaka atauliza fasihi ina kazi gani katika jambo la hospitali na hazina. Jibu limo katika sheria ileile. Mbali na likizo ya uzazi, mwajiriwa ana haki ya likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu mshahara. Mama aliyeshikwa na sonona siku ya 80 angeweza kupumzika bila kupoteza riziki, na mlango upo. Lakini mlango huo una kufuli, nalo ni cheti cha mganga. Ili mganga aandike, sharti mgonjwa aseme. Ili aseme, sharti awe amepata kusikia mtu mwingine akisema. Mwanamke ambaye katika methali, utenzi, riwaya na tamthilia hajawahi kukutana na mzazi aliyeugua bila pepo na bila kosa, ataingia kwa mganga na kusema kichwa kinamuuma. Ataandikiwa dawa ya kichwa. Zile siku 126 zitabaki katika kitabu cha sheria, na kesho yake atakuwa darasani.

Kwa hiyo hasara ya ukimya wa fasihi si ya sanaa peke yake. Huhesabika kwa shilingi na kwa siku. Tena haitoshi kwa mwandishi kumtunga mwanamke mgonjwa ili msomaji amhurumie; huruma ya namna hiyo imekwisha kuwa nyingi katika fasihi yetu, na mama aliyesifiwa kuwa mvumilivu kuliko wote ndiye apataye tabu kuliko wote kukiri kwamba ameshindwa. Kinachotakiwa ni mhusika mwenye kazi, mwenye makato katika mshahara, mwenye yaya anayetaka kuondoka mwisho wa mwezi, mwenye mume aliyekuwapo siku tatu kisha akarudi kituoni kwake, ambaye katikati ya hesabu hizo akili yake inafifia, naye anatafuta neno. Riwaya hiyo haihitaji kifo ili iwe na tukio. Tukio lake ni kwamba neno limepatikana, limesemwa, na aliyelisikia hakucheka.

Watunzi wa kike na wa kiume waliosoma katika vyuo vyetu wanazo zana za kuiandika. Wanalo neno mzazi na maana yake ya zamani. Wanao mkaja, unaothibitisha kwamba wahenga walijua kazi hii ina malipo, ingawa waliyachelewesha. Wanao mfano wa nywele zisizonyolewa, alama ionekanayo ya kwamba mtu bado. Nayo methali iliyotajwa mwanzoni haina haja ya kufutwa. Methali haifutwi, hujibiwa. Na ijibiwe kwamba kuzaa ni kazi, kulea ni kazi, na kupona baina ya hizo mbili ni kazi ya tatu, ambayo mwenye kuifanya anahitaji siku, fedha na watu kwa pamoja. Bunge limekwisha kumpa siku na fedha kwa kadiri yake. Watu hawatungwi na bunge. Lakini yule anayeweza kuwafundisha watu kumtambua mzazi aliyekaa mbele yao ni mwandishi, na kwa hili wino wake umechelewa.